Kashata bado nzuri ila matairi ni ya 2014 na 2017: Noah iende Mbeya hivi hivi?

Usukani_Kulia

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaojua matairi.

Gari ni Noah ZRR70 ya 2008, imeshuka bandarini Dar mwaka jana. Mwezi ujao inakwenda Mbeya na watu wazima sita, watoto wawili na mizigo. Saizi ya matairi ni 195/65R15. Namba nne za mwisho ubavuni zinasomeka hivi: mbele yote mawili 3817, nyuma yote mawili 1114, spea 4708. Ya nyuma yameandikwa pia STUDLESS. Kashata, yaani meno ya tairi, zimebaki milimita 5 kwenda juu, hakuna lenye pancha, upepo haupungui.

Fundi pancha anasema tairi hutolewa kwa kuisha kashata, mwaka hauna kazi, na mpira wa Kijapani hauzeeki. Muuza matairi wa jirani anasema yote matano yatoke. Kila mmoja ana maslahi yake, ndiyo maana nauliza hapa.

Nani yuko sahihi? Fedha ikitosha mawili tu kwa sasa, yafungwe wapi? Na ya mtumba ya Japani au Dubai yenye mwaka wa karibuni yanafaa?

Bega_la_Tairi

Mkuu, namba umezisoma sawa: 1114 ni wiki ya 11 ya mwaka 2014, 3817 ni wiki ya 38 ya 2017, na spea 4708 ina umri wa gari lenyewe. Kwa wengine watakaosoma: tarehe hiyo huwa upande mmoja tu wa tairi. Usipoiona nje, chungulia upande wa ndani ukiwa umelijeki gari au umefungua gurudumu. Matairi ya soko la ndani la Japani pengine hayana neno DOT (alama ya Marekani inayotangulia namba hiyo), lakini tarakimu nne zipo mwishoni mwa namba ya kiwandani. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, usijadiliane na mtu.

Kuhusu swali la kwanza, muuza matairi yuko sahihi, hata kama anataka kuuza.

Fundi anaangalia kashata kwa sababu ndiyo inayoonekana. Tairi la kisasa hufia ndani. Chini ya kashata kuna mikanda miwili ya nyaya za chuma, mmoja juu ya mwingine, na katikati yake kuna tabaka jembamba la mpira linaloishikanisha. Upepo uliojazwa una oksijeni, na msukumo wa psi 30 na kitu unaisukuma oksijeni hiyo ipenye polepole kutoka ndani kuelekea kwenye mikanda. Inapofika, mpira ule unakakamaa na kupoteza mnato. Joto linaharakisha kazi hiyo, na sisi joto tunalo mwaka mzima.

Sehemu inayoteseka zaidi ni kingo za mikanda, pale begani mwa tairi, kwa sababu ndipo panapojikunja na kujikunjua kila mzunguko. Tairi la saizi yako linazunguka mara 500 hivi kila kilomita. Mpaka Mbeya ni kilomita 800 na zaidi, kwa hiyo kila bega litakunjwa zaidi ya mara 400,000 kwenda tu. Mpira uliokakamaa unaanza ufa mdogo kwenye ukingo wa mkanda, ufa unasafiri kati ya mkanda na mkanda, na siku moja kwenye mwendo wa 100 kashata nzima inabanduka pamoja na mkanda wa juu. Vile vipande virefu vya mpira vyenye nyaya unavyoviona pembeni mwa barabara ya Chalinze vingi vimetoka hivyo. Viokote uviangalie: mara nyingi kashata bado ipo.

Marekani, mamlaka ya usalama barabarani (NHTSA) ilichambua madai ya bima ya 2002 hadi 2006. Majimbo matano ya joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wa kampuni hiyo ya bima, lakini yalileta asilimia 77 ya madai ya matairi. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyopita miaka 6. Ukitaka kujua joto na umri vikikutana vinafanya nini, jibu ni hilo.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanataja miaka 6. Michelin wanasema baada ya miaka 5 ya matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na miaka 10 tangu kutengenezwa ni mwisho hata kama linaonekana zima, spea ikiwemo. Miaka 10 ni dari la tairi lililotunzwa vizuri. Kwa jua la Dar, mzigo kamili na safari ndefu, hesabu yangu ni 6.

Kwa hiyo nyuma na spea ni ya kutoa bila mjadala. Mbele, ya 2017, yamepita mpaka nayo. Yanaweza kukufikisha kazini kwa mwendo wa mjini wakati unatafuta fedha. Kwa Mbeya na watu wanane, hapana.

Dada_Gereji

Naongezea kuhusu STUDLESS maana wengi wanaopokea magari kutoka Japani hawaijui. Hayo ni matairi ya theluji na barafu. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, na kila kipande cha kashata kimechanwa mistari myembamba mingi ili king'ate barafu. Kwenye lami ya moto vipande hivyo vinayumba, vinasuguana na kuzalisha joto ndani ya tairi, breki inachukua umbali mrefu na kona gari linaelea. Mvua ya masika ndiyo mbaya zaidi.

Lako ni la 2014, kwa hiyo ule ulaini nao umekwisha. Halifai theluji, halifai lami.

Jinsi ya kulitambua lisipoandikwa neno hilo: tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, au angalia mistari ile myembamba ya zigizaga iliyojaa kashata nzima. Herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, hata matairi ya porini ya gari kama Prado huwa nayo.

Halafu kaka, usipime umri kwa macho. Duka au fundi akilipaka ile dawa nyeusi ya kung'arisha, nyufa zinafichika. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke, kisha tazama sehemu mbili: chini kabisa ya mifereji ya kashata, na ubavuni karibu na rimu. Nyufa nyembamba kama nywele ubavuni ni dalili ya jua na ozoni. Nyufa chini ya mfereji ndizo za kuogopa, zipo karibu na mikanda. Lakini tairi lisilo na ufa hata mmoja nje linaweza kuwa limekwisha ndani, kwa hiyo tarehe inabaki kuwa kipimo cha kwanza.

Mzani_wa_Mbele

Kuhusu mawili, funga mbele. Mbele ndiko kuna injini, usukani na sehemu kubwa ya kazi ya breki. Tairi la mbele likibasti gari linakuvuta nje ya barabara. Huo ndio uzoefu wa madereva wengi.

Breki_Nne

Mkuu Mzani, hapo nakupinga, na watengenezaji wa matairi wenyewe wanasema mapya yakae nyuma, hata kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele.

Mbele likipoteza mshiko kwenye kona yenye maji, gari linakwenda moja kwa moja badala ya kukata. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anaondoa mguu kwenye mafuta, uzito unarudi mbele, gari linashika tena. Nyuma likipoteza mshiko, mkia unataka kutangulia, na hakuna usukani wa kuushika mkia. Gari refu kama Noah likishakaa mshazari na tairi likang'ang'ana kwenye ukingo wa lami, linabingirika. Tairi kupasuka ni vivyo hivyo: la mbele linavuta lakini una usukani mkononi, la nyuma linakuacha bila cha kushika.

Ila unalosema la mzigo wa mbele ni kweli, na ndilo linaloua wazo la mawili. Kurudi kutoka Mbeya utashuka mlima wa Kitonga na gari limejaa. Joto la breki za mbele linaingia kwenye rimu, kutoka kwenye rimu linaingia kwenye ukingo wa tairi. Tairi la 2017 limeshachoka, kisha unaliongezea hilo. Kwa hiyo Usukani_Kulia, mawili leo yafungwe nyuma uondokane na STUDLESS, mawili mengine yapatikane kabla ya safari. Fedha isipotosha, pandeni basi.

Ekseli moja ifungwe matairi ya jina moja, kashata moja na umri unaokaribiana. Jipya upande huu na zee upande ule yanashika tofauti breki inapokanyagwa ghafla.

Kilindini_Mpira

Salamu kutoka Mombasa. Nijibu la mtumba.

Kwanza hesabu. Chukua maisha ya tairi kuwa miaka 6. La mtumba lenye miaka 4 limebakiwa na 2. Ukiuziwa nusu ya bei ya jipya, umelipa nusu ya bei kwa theluthi ya maisha, na hujui lilipita wapi. Kiuchumi tu haliko sawa, hata kabla ya usalama.

Neno "Dubai" lisikupe imani. Kule Falme za Kiarabu tairi la gari dogo likipita miaka 5 halipiti ukaguzi, kwa hiyo jiulize kwa nini lilifunguliwa. Na joto lililokula ni kali kuliko letu.

Ukilazimika, usinunue lililokwisha kufungwa kwenye rimu. Linunue likiwa wazi, uingize mkono na tochi ndani. Ukiona mstari wa duara uliosagika ubavuni kwa ndani, au unga mweusi wa mpira ukimwagika, tairi hilo lilitembezwa likiwa na upepo mdogo. Nyuzi za ubavu zimeungua, na hakuna kiraka cha kutibu hilo. Pitisha vidole ubavuni pole pole: nundu au bonde lisilo la kawaida maana yake nyuzi zimekatika au zimeachana. Kiraka kikiwa kwenye bega au ubavu, liache. Angalia ukingo unaokaa kwenye rimu: ukichanika wakati wa kufunguliwa, utavujisha upepo maisha yake yote, na ukiona waya, ni taka.

Kuna ujanja wa kuchonga kashata. Wanachukua kipara na kukata mifereji upya kwa kisu cha moto. Tafuta vile vidaraja vidogo vilivyo ndani ya mfereji, vimekaa kwenye kimo cha milimita 1.6 kuonyesha kashata ilipoishia. Vikiwa vimekatwa, au mfereji una kona kali na chini yake hapakulainishwa, limechongwa. Juu ya nyaya huwa umebaki mpira kidogo sana. Jiwe moja tu na maji yanafika kwenye chuma, kutu inaanza.

Na hata jipya dukani, soma tarehe kabla ya kulipa. Lililokaa ndani ya ghala lenye kivuli mwaka mmoja halina shida. Lililopangwa juani mbele ya duka miaka mitatu, mwache nalo.

Upepo_Asubuhi

Matairi mapya yatakufa haraka nayo kama upepo na mzigo vimekosewa, kwa hiyo niandike hilo kwa urefu kidogo.

Namba iliyo baada ya saizi ndiyo uwezo wa kubeba. 195/65R15 91 ina maana kila tairi linabeba kilo 615 likiwa na upepo kamili. Kwa manne ni 2,460. Noah ikijaa watu wanane inapita tani 2, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo, na carrier ya juu yenye magunia inaimaliza. Usishuke chini ya 91 kwa sababu ya bei. 88 ni kilo 560 tu, manne ni 2,240. Wenye Hiace wasome hapa pia: tairi lake ni 195/80R15 la LT (la gari dogo la mizigo) lenye 107/105, linalobeba kilo 975. Kuna wanaolifunga la gari dogo kwa kuwa rimu ni inchi 15 na linaingia. Linaingia, na kwa abiria 14 linapasuka.

Kiwango cha upepo kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, msijaze kwa hiyo. Pima asubuhi kabla ya kutembea, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu na zaidi. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vya vituo vya mafuta vimeangushwa mno. Upepo hupanda karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo ukipima Chalinze ukiwa njiani utakuta 37 au 38 pale ulipoacha 33. Hapo ndipo watu wanapunguza, na hapo ndipo wanapoharibu. Usipunguze tairi la moto. Ukilitoa mpaka 33 likiwa moto, likipoa litakuwa 28, ubavu utakunjika zaidi, joto litaongezeka, na umeanzisha mwenyewe kile ulichokuwa unakiogopa.

Mwaka 2000 Firestone waliita matairi milioni 6.5 kule Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, kwa sababu kashata zilikuwa zinabanduka. Kulikuwa na kasoro za tairi lenyewe, na pia upepo uliopendekezwa wa psi 26, joto, mzigo na mwendo wa barabara kuu. Mambo yale yale ya kwetu.

Dalili za kashata inayoanza kuachia: mtetemo unaoanza mwendo wa 60 hivi na hauishi hata baada ya balansi, au gari likitembea pole pole unasikia tairi linapiga kwa mpangilio, du, du, du. Simama. Pitisha kiganja kashatani utafute mahali palipoinuka. Ukipata, funga spea, wala usijaribu kufika mji unaofuata.

Na likipasuka ukiwa mwendoni: shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki, usikate kona. Mguu uondoke kwenye mafuta taratibu, gari lipunguze lenyewe likiwa limenyooka, na likishafika mwendo wa 40 au chini ndipo utoke pembeni kwenye ardhi ngumu. Kinachobingirisha magari baada ya tairi kupasuka ni breki ya ghafla na usukani kuvutwa kwa nguvu kwenda upande wa pili.

Msafiri_wa_Muscat

Nasoma nikiwa Oman. Ongezeeni la watu waliokwisha kufa kwa tairi lenye kashata. Septemba 2012 basi lililobeba watu kutoka tamasha la muziki lilianguka barabara ya A3 karibu na Hindhead, Uingereza, watu watatu wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 19. Mama wa mmoja wa marehemu alipigania sheria kwa miaka, na tangu Februari 2021 kule ni marufuku tairi lililopita miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya basi au lori. Ndugu wenye mabasi na wanaopanda mabasi, tarehe ya tairi la mbele inasomeka hata gari likiwa limesimama stendi.

Usukani_Kulia

Nashukuru sana wakuu, na Dada_Gereji. Nimeamua manne mapya, safari imesogezwa wiki mbili. Yamebaki matatu. Spea nifanyeje, mbona haijawahi kugusa barabara? Valvu zibadilishwe? Na fundi anasema atanipunguzia bei ya kufunga nikimwachia ya zamani, nikubali?

Bega_la_Tairi

Spea ambayo haijatembea inazeeka vilevile. Kwenye mpira wa tairi kuna nta na dawa ya kuzuia ozoni, na vitu hivyo hutoka nje kufunika uso pale tairi linapojikunja likitembea. Lililoning'inizwa chini ya gari halijikunji, kinga haitoki, na joto la ekzosi linalipata. Kati ya mawili ya 2017, chagua lililo bora, libaki kama spea ya dharura kwa sasa, mwendo usizidi 80, mpaka ununue la tano. Kama spea yako ni ile nyembamba ambayo saizi yake inaanza na herufi T, upepo wake ni psi 60, na mwisho wake pia ni kilomita 80 kwa saa.

Valvu zibadilishwe zote, ni mpira ule ule wa zamani. Ikunje kwa kidole utaona nyufa kwenye shina. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tairi, na ikikatika kwenye mwendo mkubwa upepo wote unatoka mara moja. Wakishafunga, nati zikazwe kwa spana ya kipimo, 103 Nm, kwa mpangilio wa kuruka nati moja, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Fanya alaimenti siku hiyo hiyo.

La mwisho: usimwachie mazima. Yatapakwa dawa nyeusi na kuuzwa kesho kwa mwenye Noah mwingine. Kabla hujaondoka, mwambie akate ubavu wa kila moja kwa kisu, mkato wa shubiri moja, ukiwa umesimama pale. Anayetaka kashata kwa ajili ya katambuga hatapungukiwa kitu.